Mtoto Wenu wa Frigo

Grenoble, Ufaransa, mwezi wa Februari

Mama, Mjomba wa Kabambare, Yaya, na wote watakaokuwa kibarazani barua hii ikisomwa,

Naituma kwa simu ya Yaya, lakini nimeiandika kama barua kwa sababu Mama amelalamika kwamba odio zangu zinakatika katikati, na mtandao wa Kasongo ukirudi mimi nimeshafika kwenye "basi wasalimieni wote". Yaya, soma polepole. Ukiona jina la Shangazi, angalia kwanza kama yupo.

Nimesikia yanayosemwa. Kwamba nimekaa Ulaya miaka saba nikisomea frigo. Kwamba yule fundi wa frigo pale sokoni alijifunza miezi minne kwa kumtazama mwenzake, na leo ana nyumba ya mabati na wake wawili, hali mimi hata frigo moja ya kumpoozea Mama maji sijaituma. Yote ni kweli. Sina la kujitetea ila kuwaeleza kazi yenyewe, mkimaliza mtanihukumu.

Nianze na la Shangazi, maana limenifikia kwa midomo mitatu tofauti. Hapana, sifanyi kazi mochwari. Sigandishi maiti. Najua neno limetoka wapi, kwa sababu hata huku, katika ofisi moja ya vibali, dada aliyekaa nyuma ya kioo alisoma karatasi yangu pale palipoandikwa kazi, akainua macho, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia ugonjwa: "Ninyi ndio mnaogandisha matajiri ili wafufuke?" Nikamwambia sisi tunagandisha vyuma. Akaonekana kuvunjika moyo. Ni kweli wapo watu Marekani wanaohifadhi maiti ndani ya nitrojeni ya maji wakingoja madaktari wa siku zijazo. Hao na sisi tunanunua nitrojeni ileile, kama vile mganga na mpishi wanavyonunua chumvi duka moja. Shangazi, ile dua uliyonisomea isipotee bure. Naomba uihamishie kwenye mkataba wangu wa kazi, unakwisha Septemba.

Kazi yangu ni baridi, lakini si hii ya frigo wala ya theluji. Maji yanaganda kwenye sifuri. Nitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, inageuka maji kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Heliamu, ile hewa ya maputo ya harusi, ni kaidi kuliko zote: haikubali kuwa maji mpaka umefika nyuzi 269 chini ya sifuri. Wa kwanza kuilazimisha alikuwa Mholanzi, Heike Kamerlingh Onnes, mjini Leiden, tarehe 10 Julai 1908. Kutoka hapo zinabaki nyuzi nne na kitu tu, halafu njia inakwisha: 273.15 chini ya sifuri. Joto unaweza kupanda nalo mpaka ndani ya jua, lakini baridi ina sakafu, na mshahara wangu nalipwa kwa kunyatia sakafu hiyo.

Mjomba aliuliza baridi ya namna hiyo inatengenezwa vipi. Mjomba, baridi haitengenezwi. Kuna joto tu, lililobaki na lililoondolewa. Ukivuka Lualaba kwa mtumbwi unaovuja, yule kijana mwenye kopo hatengenezi ukavu, anatoa maji. Mimi ndiye kijana wa kopo. Nimesoma Lubumbashi, nikasoma huku, nimeandika kitabu chenye kurasa mia mbili, ili nipewe kopo zuri zaidi.

Na mtumbwi wetu unavuja kila upande. Joto lina tabia za ndugu waliosikia umepata mshahara (sisemi kwa ubaya, nyote mliopo hapo kibarazani nawapenda). Ukifunga mlango, linapita dirishani. Ukifunga dirisha, linakuja na waya wa umeme. Chombo cha baridi hakiwezi kusimama juu ya miguu ya chuma, maana chuma huita joto kama harufu ya wali inavyoita watoto wa jirani. Kwa hiyo tunakining'iniza kwa vijiti vyembamba vya nyuzi za kioo na gundi. Hewa nayo inabeba joto, basi tunainyonya yote mpaka panabaki utupu. Halafu, hata pakiwa patupu kabisa, mwanga wa joto unavuka kama jua linavyovuka anga kutufikia. Huo tunauzuia kwa kukivisha chombo karatasi za plastiki zilizopakwa alumini, nyembamba na za kung'aa, tabaka thelathini, moja juu ya nyingine. Siku yangu ya kwanza kupewa kazi hiyo nilimkumbuka bibi harusi wa kwetu anavyofungwa vitenge na makungwi, huku nyuma mmoja akinong'ona, "Usimkaze sana, ataanguka." Ni hivyohivyo. Tabaka zikikazwa zinagusana, na zikigusana joto linapita. Nimefunga bomba moja siku mbili, likafunguliwa, nikaambiwa nianze upya.

Mama, chukua ile chupa ya chai ya maua mekundu iliyo juu ya kabati. Hiyo ndiyo kazi yangu. Huyo aliyeibuni, James Dewar, Mskoti aliyekuwa akifanya kazi London, hakuwa na habari na chai. Mwaka 1892 alikuwa anatafuta namna ya kutunza hewa zilizogeuzwa maji zisimkimbie, akaweka chupa ndani ya chupa, akanyonya hewa ya katikati. Hakuandikisha haki yake. Wajerumani wakaja mwaka 1904 wakaiuza kwa jina la Thermos, yeye akabaki na sifa. Mwaka 1892! Ndio mwaka vita vya Wabeleji na Waungwana vilipowaka huko kwetu, na Aprili 1893 mji wa Kasongo ukaanguka mikononi mwa Dhanis, kamanda wa Wabeleji. Shuleni tulikariri habari za Sefu mtoto wa Tippu Tip mpaka tukazichoka, lakini hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba siku hizohizo palikuwa na mzee anayehangaika na chupa ambayo leo haikosekani katika nyumba yoyote ya Kasongo inayojua kupokea wageni.

Chupa yetu hapa kazini inaitwa kriostati. Ina tani tatu, na urefu wake ni kama mimi mara mbili. Ndani yake wanafizikia huweka vipande vya fuwele, wakakaa kuvisubiri. Wanatafuta kitu kiitwacho mata ya giza, ambacho wanasema kimejaa kila mahali, hata hapo kibarazani kinapita katikati yenu sasa hivi, ila hakuna aliyewahi kukikamata. Dunia nzima wanakisubiri miaka mingi. Hawajakiona, na bado wanalipwa. Yaya, usimsomee fundi wa frigo sehemu hii.

Kwa nini wanataka baridi? Kwa sababu chembe moja ikigonga fuwele inaacha joto dogo mno, kama hakuna. Sokoni saa nne asubuhi mbu akilia sikioni mwako humsikii. Saa nane za usiku, taa imezimwa, mbu huyohuyo mmoja anawaamsha wote chumbani. Mimi kazi yangu ni kuzima soko.

Ajabu ni kwamba mimi mwenyewe natokwa na jasho. Siku ya kwanza nilifika nimevaa sweta mbili, koti, skafu na kofia ya sufi ambayo Mama aliinunua Kindu akaapa nisiivue. Nikafungua mlango wa maabara, nikapokelewa na joto la jikoni siku ya Idi. Mapampu yananguruma, kompresa zinapiga kelele mpaka tunaziba masikio, na watu wote wamevaa fulana. Sikuwa nimefikiri: joto tunalolitoa ndani ya chupa lazima liende mahali, na mahali penyewe ni chumba nilichomo mimi. Tena haliji peke yake. Kwenye mitambo mikubwa kabisa duniani, kuondoa wati moja ya joto pale ambapo heliamu ni maji kunataka karibu wati 250 za umeme. Kwenye midogo kama wetu ni zaidi sana. Kwa hiyo mtoto wenu anafanya kazi mahali penye baridi kuliko anga la juu, na kila jioni anafua fulana.

Oktoba walitupeleka sisi vijana kutazama mtambo wa CERN, karibu na Geneva, mwendo wa kama saa mbili kwa basi kutoka hapa. Chini ya ardhi kuna bomba la mviringo lenye kilomita 27, na sumaku zake zinakaa nyuzi 1.9 tu juu ya ile sakafu niliyowaambia. Anga lililo kati ya nyota lina nyuzi 2.7, maana yake lile bomba ni baridi kulizidi. Ndani yake mna heliamu kiasi cha tani 120. Kilomita ishirini na saba za frigo moja, Mjomba, na hakuna hata chupa moja ya sukre, yaani soda, ndani yake.

Sumaku hizo zinatumia waya ambao ukipoa vya kutosha unapitisha umeme bila kupoteza chochote. Zile za sasa ni za niobiamu na titani. Mwenyeji wetu akatuonyesha kipande cha waya wa sumaku mpya, akasema huu ni wa niobiamu na bati. Nikacheka peke yangu, wenzangu wakanigeukia. Niobiamu ndiyo ile "kol" katika jina la koltani, kolumbiti. Na bati ndilo kasiterite yetu, ambalo kampuni ya Symétain ililichimba Kalima tangu miaka ya 1930 na ambalo vijana wa jimbo letu la Maniema wanalibeba mgongoni mpaka leo. Nisiwadanganye, niobiamu ya dunia karibu yote inatoka Brazili, kwa hiyo msije mkaandika barua ya kudai. Lakini nilimwambia Mjerumani aliyekuwa karibu yangu kwamba vitu hivyo viwili kwetu vinasafiri kwenye magunia, juu ya pikipiki, matope yakiwa magotini. Akanipigapiga begani kwa upole. Alidhani natania.

Sasa nieleze ile picha. Najua iliwatisha. Mama alisema kijana hanyoi upara bila sababu, ama ni msiba ama ni ugonjwa, na Shangazi akataka kujua ni nani kafa ambaye hawajaambiwa. Ilikuwa hivi.

Desemba chupa yetu ilianza kuvuja. Si kwa maji, ni kwa hewa. Tulikuwa tunanyonya hewa, namba ya kipimo inashuka, inashuka, halafu inasimama palepale kama nyumbu. Mahali fulani palikuwa na tundu. Mnajua mnavyotafuta tundu la mpira wa baiskeli ndani ya beseni la maji? Sisi tunafanya kinyume: tunaunganisha chombo na mashine inayotambua heliamu tu, halafu tunashika bomba dogo na kupuliza heliamu nje, kiungo kwa kiungo, taratibu. Penye tundu heliamu inanyonywa ndani, na mashine inalia. Heliamu ndiyo inayofaa kwa sababu ni ndogo, inapenya pasipopenyeka. Shida ni kwamba inapanda juu na kuzagaa chumbani, basi mashine inalia umesimama kushoto kumbe tundu liko kulia. Wiki tatu tulizunguka chupa ile kama watu wanaotafuta nyoka ndani ya nyumba. Siku za mwisho wanafizikia walianza kupita mlangoni wakituuliza hali kwa sauti ya watu waliokuja kuhani.

Mwishoni mashine ikalia chini kabisa, kwenye kiungo kikubwa. Tukafungua boliti arobaini na nane. Katikati ya vyuma viwili kuna pete ya mpira, na mahali pake lazima pawe safi kuliko sahani ya mgeni. Shefu wangu akapiga magoti, akawasha tochi, akanyamaza. Kisha akaomba kibanio. Akachomoa kitu, akakiweka juu ya karatasi nyeupe mezani, tukazunguka wote tisa.

Ulikuwa unywele. Ulikuwa umelala kukatiza juu ya ile pete, na kando yake hewa ikapata uchochoro. Mweusi, mfupi, umejikunja vizuri kama chemchemi ya kalamu.

Katika timu yetu ya watu tisa, watano wana nywele zilizonyooka, watatu hawana kabisa.

Hakuna aliyesema kitu. Mmoja akatazama dari. Mwingine akaanza kuhesabu boliti alizokwisha kuzihesabu. Shefu, ambaye ni mtu muungwana sana, akakohoa akasema: "Muhimu ni kwamba hatutafuti mkosaji." Nikamwambia: "Shefu, mkosaji amejikunja hapo mezani." Ndipo wakacheka, mpaka yule wa dari akakaa chini. Jioni ileile nikaenda kwa kinyozi mmoja wa Guinea karibu na kituo cha treni, nikamwambia ondoa zote. Akaniuliza kama nimefiwa. Ndiyo maana ya picha. Siku hizi navaa kofia ya karatasi kama mwoka mikate, na sasa ni amri kwa wote, hata wale watatu.

Mambo mengine ni madogo. Kifuani navaa kidude kinacholia oksijeni ikipungua, maana lita moja ya nitrojeni ya maji ikimwagika inakuwa karibu lita mia saba za hewa, na hewa hiyo haina harufu wala huruma. Mtungi wa nitrojeni ukipandishwa ghorofani kwa lifti, unapanda peke yake kama mheshimiwa: mmoja anausukuma ndani na kubaki, mwingine anaupokea juu, katikati hapana mtu. Siku moja kile kidude kililia, tukatoka mbio wote mpaka kwenye theluji, mimi na fulana yangu. Ilikuwa betri.

Heliamu yenyewe hatuitupi. Ikichemka inarudi kwa bomba mpaka kwenye mfuko mkubwa darini, inashindiliwa, inageuzwa maji tena, kama Bibi alivyokuwa akimwagilia mchicha kwa maji aliyokwisha kuoshea mchele. Haipikwi kiwandani. Inazaliwa chini ya miamba, urani na thori zinapooza polepole kwa mamilioni ya miaka, na nyingi inayouzwa hutoka Marekani na Qatar, pamoja na gesi. Kosa langu lilikuwa kumwambia Mjomba kwamba mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza wameikuta Rukwa, Tanzania, wakakadiria futi za ujazo bilioni 54. Odio iliyonirudia ilikuwa ya dakika nane. "Rukwa si ng'ambo tu ya Tanganyika? Kutoka kwetu ni kushuka Fizi, ni kuvuka." Alikuwa ameshapata vijana kumi wa Salamabila, wazoefu wa kuchimba dhahabu, wenye chepe zao. Mjomba, kwa heshima zote: hewa haichimbwi kwa chepe. Na hata ungeifikia, ungeibeba na nini? Jibu lako la "magunia" nimelicheka, lakini nimeona pia kwamba wewe hukuwa unacheka.

Na sasa frigo yako.

Wengine huenda hawajui kwamba Mjomba amenunua frigo ya petroli (Watanzania wangesema ya mafuta ya taa) kwa mfanyabiashara aliyekuwa anahama, ili awauzie sukre baridi wachimbaji wanaopita Kabambare. Mama anazijua frigo hizi. Nilipokuwa mdogo aliponipeleka kituo cha afya, ilikuwepo moja pembeni, nyeupe, imechubuka, imetunza chanjo. Kasongo na chanjo ni watu wa zamani: mradi wa wataalamu wa Antwerp na wenzao wa kwetu ulifuatilia chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo miaka ya 1970, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981. Mimi sikujua hayo. Mimi niliinama nikaona chini ya ile frigo kuna moto. Moto wa kweli, wa utambi, wa buluu. Nikamuuliza muuguzi kwa nini wanachoma frigo. Alikuwa na foleni ya akina mama hamsini. Akanijibu bila kunitazama: "Moto ndio unaoleta baridi. Nenda ukacheze."

Ndilo jibu ninalocheza nalo mpaka leo. Moto unachemsha amonia iliyoyeyuka ndani ya maji. Amonia inapanda, inapoa kwenye mabomba ya mgongoni, inakuwa maji, inashuka ndani ya sanduku, na huko inachemka upya kwa kunyonya joto la vitu vilivyomo. Kisha inarudi kwenye maji yake, safari inaanza tena. Haina mota wala kitu kinachozunguka. Walioibuni ni wanafunzi wawili wa Uswidi, von Platen na Munters, mwaka 1922. Einstein mwenyewe aliwahi kujaribu frigo ya ukoo huo, haikufika sokoni. Ya hao wanafunzi ilifika mpaka Kabambare.

Basi Mjomba akaniandikia kwamba moto unawaka vizuri, mgongo wa frigo ni wa moto, na ndani sukre ni vuguvugu kama chai iliyosahaulika. Nikaipeleka picha kazini wakati wa kahawa. Watu tisa, wengi wao madaktari wa fizikia, na hakuna aliyewahi kuigusa mashine ya namna hiyo. Kahawa ikapoa. Ubao ukafutwa mahesabu ya kriostati, ikachorwa frigo ya Mjomba. Mmoja akakisia joto la utambi, mwingine akabisha. Saa nzima mata ya giza ilipita katikati yetu bila mtu wa kuingoja. Jioni nikaandika kurasa nne kwa Kiswahili safi, na michoro: isimamishwe sawasawa, maana ikiinama hata kidogo amonia haishuki inavyotakiwa, bomba la moshi lisafishwe masizi, utambi ukatwe, mgongo usikaribie ukuta. Nikatuma picha za kurasa zote. Alama moja. Siku tatu, alama moja. Siku ya nne, alama mbili, halafu odio.

"Mwanangu, asante. Karatasi zako tumezisoma, ni nzuri, mwalimu wa hapa ameomba abaki nazo. Lakini frigo inatumika tangu juzi. Kuna mzee alipita, zamani alikuwa dereva wa misheni. Akaiangalia, akasema: izimeni, igeuzeni kichwa chini miguu juu, ilale hivyo usiku mzima. Asubuhi isimamisheni, muiache itulie mpaka jioni, ndipo muwashe. Tukafanya. Sasa sukre inauma meno. Tulikuwa watu sita kuigeuza."

Nilimtafsiria shefu neno kwa neno. Akaenda kwenye kompyuta yake, akarudi baada ya robo saa, uso umebadilika. Ni kweli. Ndivyo mafundi wa zamani walivyofanya: maji na amonia vikikaa vibaya ndani ya mabomba, safari inakwama, na ukiipindua vinachanganyika upya, vinarudi mahali pake.

Mjomba, mwisho wa odio ulikuwa umeuliza swali, nami nilimfikishia kama ulivyosema: "Na hiyo ya kwenu, ikikataa, munaigeuzaka?"

Shefu alicheka sana. Kriostati wiki hii imegoma tena, na mara hii si unywele. Alicheka, akafuta macho, akaitazama ile chupa ya tani tatu. Halafu akanyamaza, akainua uso taratibu, akaanza kuangalia kreni.

Wasalimieni wote, na yule mzee dereva mumpe sukre moja kwa hesabu yangu.

Ni mimi, mtoto wenu.